Sauti, Ukumbusho na Wageni: Kazi ya Serikali katika Nchi ya Shaba

Mwaka 2014 mkaaji mmoja wa Kasulo, mtaa wa watu wa kawaida katika mji wa Kolwezi, alichimba uwanjani pake akakuta mawe yenye kobalti. Habari haikukaa siri. Majirani nao wakaanza kuchimba, wengine uani, wengine hata ndani ya vyumba vyao vya kulala. Mwaka 2017 Serikali ya jimbo la Lualaba ikaitenga sehemu moja ya mtaa huo iwe mahali pa wachimbaji wa mikono, na kampuni ya Wachina ikapata ruhusa ya kununua madini yake. Nyumba nyingi, mamia, zilibomolewa. Wenyewe walipewa fidia wakahama, na mahali pale pakazungushiwa ukuta.

Wasomaji wapenzi, mtu anapohama aweza kuchukua kitanda chake na sufuria zake. Hawezi kuchukua njia aliyopita kila asubuhi, wala mwembe aliokaa chini yake na jirani. Vitu hivyo hubaki katika kumbukumbu tu, na kumbukumbu isiyotunzwa hupotea upesi. Basi yatupasa kuuliza: Je, kutunza kumbukumbu ya watu ni kazi ya Serikali? Au Serikali ina haja ya barabara, hospitali na kodi tu, na mambo ya zamani ni anasa ya wenye nafasi?

Tukitazama historia ya nchi hii ya shaba, twaona jambo la ajabu. Hapana Serikali hata moja iliyotawala hapa ambayo haikushughulika na kumbukumbu. Zote zilijua nguvu yake. Tofauti ni hii tu: kwa faida ya nani?

Misalaba ya shaba

Kabla ya kampuni yo yote kufika, wenyeji wa nchi hii walijua kuyeyusha shaba. Waliimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilipita mikononi mwa watu kama fedha. Mwaka 1926 Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyekuwa mkuu wa misioni ya Katanga, aliandika juu ya mafundi hao, akawaita “walaji wa shaba”. Baadaye, mwaka 1957 na 1958, wataalamu walichimba makaburi ya kale huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, katika bonde la mto Lualaba. Walikuta vyungu vya kupendeza, vitu vya chuma na vya shaba, na makaburi mengine yalikuwa yamepata miaka elfu moja. Hivyo ilijulikana wazi kwamba watu wa bonde hili walikuwa na ufundi, biashara na heshima kwa wafu wao tangu zamani za kale.

Tazameni sasa Serikali zilivyoutumia urithi huo. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo, na bendera ya utawala wake iliwekwa misalaba mitatu ya shaba. Utawala ule ulikwisha Januari 1963, na Kolwezi ndio mji wa mwisho walioingia askari wa Umoja wa Mataifa, tarehe 21 ya mwezi huo. Alama ya wafua shaba wa kale ilikuwa imefanywa alama ya vita vya siasa. Kisha Rais Mobutu naye akabadili majina. Mwaka 1966 Élisabethville ikawa Lubumbashi, na Jadotville ikawa Likasi. Mwaka 1971 Kongo ikawa Zaire, na Katanga nayo ikaitwa Shaba, neno la lugha yetu ya Kiswahili, mpaka mwaka 1997 jina la zamani liliporudi. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa majimbo manne, na Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba.

Kuondoa majina ya wakoloni kulikuwa na haki yake. Lakini jambo hilo lilipita kiasi. Mwaka 1972 wananchi waliamriwa kuacha majina yao ya ubatizo, na Kardinali Malula alipopinga alipata taabu kubwa. Mwaka 1974 Krismasi ilifutwa katika hesabu ya sikukuu za taifa. Serikali iliyosema yatafuta mila za kweli za wananchi ilisahau kuwauliza wananchi wenyewe wapenda kukumbuka nini.

Sauti hewani

Katika mambo ya redio, misioni ilitangulia. Mwaka 1937 Mapadre Wajesuiti wa Koleji Albert huko Léopoldville walianzisha kituo kidogo cha kutangaza. Serikali ya kikoloni ilifungua Radio Congo Belge tarehe 1 Oktoba 1940, wakati Ubelgiji ulipokuwa umekaliwa na Wajerumani, na serikali yake yahitaji sauti.

Nguvu ya sauti hiyo ilionekana wazi mwaka 1960. Tshombe alitangaza kujitenga kwa njia ya redio. Tarehe 5 Septemba Rais Kasavubu alimwondoa Lumumba kazini kwa njia ya redio, na Lumumba akamjibu kwa redio iyo hiyo. Kesho yake wakuu wa Umoja wa Mataifa waliifunga. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba katika siku zile aliyeshika redio alishika nchi. Wananchi walisikiliza tu, kusema hawakupewa.

Hata hivyo, ziko nyakati ambapo mlango ulifunguka. Huko Lubumbashi kundi la mchezaji Mufwankolo lilicheza michezo yake katika redio na televisheni ya Serikali kwa Kiswahili cha Katanga, Kiswahili kile kile cha sokoni na cha kambi za wafanya kazi. Watu walicheka, maana walijisikia wenyewe. Walisikia ugomvi wa mke na mume, taabu ya mshahara, na hila za wakubwa. Katiba ya mwaka 2006 yataja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Tena Radio Okapi, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2002, ilitangaza tangu mwanzo kwa lugha hizo nne na Kifaransa. Yafaa tujiulize kwa nini ilibidi wageni watuonyeshe kwamba habari nzito zaweza kusemwa kwa lugha ya nyumbani.

Kumbukumbu zilizosafirishwa

Wote twajua kwamba shaba na kobalti huondoka Kolwezi, zikaenda kufanyiwa kazi mbali. Wachache hufahamu kwamba kumbukumbu zetu nazo zimesafiri kwa njia iyo hiyo.

Mwaka 1952 Bwana Hugh Tracey alimkuta kijana Mwenda Jean Bosco huko Jadotville akipiga gitaa, akazinasa nyimbo zake. Nyimbo hizo zilijulikana katika nchi nyingi, na hazina ya Tracey hutunzwa Afrika Kusini. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji wa Élisabethville, kama walivyoijua watumishi wa nyumbani na wafanya kazi wenyewe. Kazi hiyo ingaliweza kupotea kabisa. Ilitolewa kitabu mwaka 1990 na Profesa Johannes Fabian, mtaalamu wa ng’ambo. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimchorea profesa huyo huyo historia yote ya nchi katika picha 101, miaka ya 1973 na 1974. Picha hizo ziko Amsterdam.

Simlaumu mgeni aliyeokota kilichokuwa kikipotea. Tena yapasa kusifu kwamba tangu mwaka 2000 walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekusanya kumbukumbu za wakaaji wa mji wao na kuzionyesha katika makumbusho ya mji. Lakini Kolwezi, ambapo dunia nzima hununua kobalti, mtoto ataka kuona historia ya babu yake aliyefanya kazi Union Minière, aende wapi?

Tukumbuke pia Mei 1978. Tarehe 13 wapiganaji waliotoka Angola waliushika mji wa Kolwezi. Tarehe 19 askari wa miavuli wa Kifaransa walishuka, na Wabelgiji wakafuata. Wazungu zaidi ya mia moja walikufa, na Waafrika mamia. Miaka miwili baadaye, yaani 1980, Wafaransa walitoa sinema juu ya askari wao walivyoruka Kolwezi, na askari hao wamezoea kuikumbuka siku hiyo kwao. Hivyo jina la mji wetu lajulikana ng’ambo kama jina la ushindi wa wengine. Mama wa Kolwezi aliyemzika mwanawe katika juma lile hana sinema.

Mgeni na mwenyeji

Watu wengi husema siku hizi kwamba utalii utaleta fedha. Kweli, nchi hii ina vitu vya kutazamwa. Mbuga ya Upemba ilitengwa tarehe 15 Mei 1939, nayo ina maporomoko, nyanda za juu, na punda milia wa mwisho wa Kongo. Mbuga ya Kundelungu, ya mwaka 1970, ina maporomoko ya Lofoi. Karibu na Kolwezi liko ziwa la Nzilo, lililopatikana Lualaba ulipozibwa kwa ajili ya umeme wa migodi. Lakini tazameni: Kongo ina mahali patano katika orodha ya urithi wa dunia ya Unesco, na patano pote ni mbuga na misitu. Hapana hata pamoja palipowekwa kwa ajili ya kazi ya mikono ya watu wake. Mgeni aalikwa kumtazama mnyama. Habari za mtu hazimo.

Na kumtazama mtu kwaweza kuwa kubaya pia. Mwaka 1958 kulikuwa na maonyesho makubwa huko Brussels. Kutoka Kamina, katika nchi yetu ya Katanga, Padre Guido Haazen, Mfransisko, alipeleka waimbaji wake Ubelgiji, na Misa Luba yao ilisifiwa. Katika maonyesho yayo hayo Serikali ya Ubelgiji ilijenga kijiji cha Kikongo, na mafundi wa Kikongo walikaa ndani ya ua wakitazamwa. Wapita njia waliwadhihaki, wengine waliwatupia ndizi. Mafundi walikataa kuvumilia, wakarudi kwao kabla maonyesho hayajakwisha.

Hapo pana fundisho. Waimbaji na mafundi walikuwa watu wa nchi moja, katika mji mmoja, mwaka mmoja. Waimbaji walikuwa na neno la kusema, na wageni walinyamaza wakasikiliza. Mafundi waliwekwa wakae kimya, na wageni wakasema. Utalii wa heshima ni ule ambao mwenyeji ndiye asemaye. Leo waandishi na wapiga picha waja Kolwezi kutazama mashimo na watoto wenye matope. Wengine watutakia mema. Lakini ikiwa mgeni haonyeshwi kitu kingine, ua wa Brussels umehamia kwetu.

Kazi ya kila mmoja

Basi Serikali ifanye nini? Kwanza itimize sheria ilizoziweka yenyewe. Sheria ya tarehe 15 Machi 1971 yalinda vitu vya urithi wa taifa, na sheria ya madini ya mwaka 2002 yamtaka mchimbaji mwenye kibali anayekuta vitu vya kale awaarifu wakuu bila kukawia. Pili, redio ya Serikali iwape wazee nafasi ya kusimulia kwa Kiswahili chao, si wakubwa peke yao. Tatu, mahali panapobomolewa mtaa, pawekwe alama na jina, na majina ya jamaa waliokaa pale yaandikwe. Gharama yake ni ndogo sana kuliko thamani ya mzigo wa lori moja la kobalti.

Mtu ataweza kusema: Serikali ikishika ukumbusho, itausema kwa kujisifu, kama zamani. Ni kweli, hatari ipo. Kwa sababu hiyo isiachiwe peke yake. Tazameni Uganda: Serikali imeifanya tarehe 3 Juni sikukuu ya taifa, lakini hija ya Namugongo yatunzwa na Wakristo wenyewe. Tazameni Bagamoyo: misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ilianzishwa mwaka 1868, na makumbusho yaliyomo huwafundisha wageni habari za watumwa. Serikali na watu walio chini yake wakishikana hivyo, kila mmoja humzuia mwenzake asiseme uongo.

Nasi katika parokia tuna kitabu ambacho Serikali haina: daftari la ubatizo na la ndoa. Humo yamo majina ya baba na mama, na kambi walizokaa, tangu mji ulipokuwa kambi za kampuni. Itunzwe isiliwe na mchwa. Vijana wenye simu wakae na wazee Jumapili baada ya Misa, wanase sauti zao: nani alitoka wapi, alifanya kazi shimo gani, alimzika nani mwaka 1978, nyumba yake ya Kasulo ilikuwa karibu na nani. Kazi hiyo haihitaji kibali wala fedha. Wazee hawatangojea mpaka Serikali iamke. Kila mwaka twawasindikiza makaburini, na kila mmoja aenda na habari zake. Tuanze Jumapili ijayo.