Mahame ya Njia ya Likasi

Leo tusafiri pamoja katika barabara ya zamani inayotoka Lubumbashi, inapita Likasi na kuelekea Kolwezi.

Ukitoka Likasi ukashika upande wa magharibi, kilomita kama 20 hivi, unafika Shinkolobwe. Uraniamu iligunduliwa pale mwaka 1915, na sehemu kubwa ya ile ya bomu la Hiroshima ilitoka katika shimo lile. Union Minière ilijenga kambi, watu wakazaa na kuzika pale. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa, majani yakaota milangoni. Kisha, Gécamines ilipoanguka, watu walirudi kuchimba kobalti kwa mikono yao, kijiji kikajaa tena. Mwaka 2004 serikali ilikataza uchimbaji, shimo likaporomoka na kuua watu, na mwaka uleule kijiji kikavunjwa. Basi pale pamekuwa hame mara mbili, na nusu karne haijatimia.

Unaweza kusema: ilikuwa lazima, ardhi ile ina hatari. Sawa. Lakini Likasi, mwaka 1992, hatari ilikuwa gani?

Kumbuka vizuri. Wazee wa Kasai hawakujileta wenyewe tu. Tangu miaka ya 1920 kampuni na reli ziliwatafuta kwa kazi. Wajukuu wao walizaliwa hapa, mji ukiitwa bado Jadotville. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Tshisekedi kuwa waziri mkuu. Ugomvi wa wakubwa ukashuka mpaka kwenye malango ya watu wadogo. Jirani akaitwa "bilulu", yaani wadudu, na mdudu hatolewi nyumbani kwa adabu. Maelfu walilala stesheni na katika masomo, wakingojea gari la moshi. Watoto walikufa hapo, na wengine njiani.

Nani alipata faida? Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1994 haikufikisha 50,000. Sababu zilikuwa nyingi, hata kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwaka 1990. Lakini fundi aliyefukuzwa aliondoka na ujuzi wake, na aliyeingia nyumbani mwake hakuukuta kabatini.

Sasa mzee wa mtaa, kama una daftari la miaka ile, usilitupe, hata kama limeliwa na mchwa. Na wewe uliyehama, iwe zamani zile au juzi, waandikishe watoto wako jina la njia, namba ya lupango, jirani wa kuume na wa kushoto, na mahali ulipomzika mtu wako. Chifu akikuuliza, uwe na cha kumwonyesha.