Mlango namba 8118: fayawoli na proksi zilivyogombana katika saiba ya Mukurweini

Nilikuja nyumbani Desemba na mjomba akanipa kazi ya kusafisha stoo. Chini ya magunia ya kahawa nikakuta daftari la saiba yake ya zamani. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa kalamu nyekundu: "8118. Zima fayawoli zote." Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza. Kosa hilo lilianza na kidole changu.

Tuanze mwanzo. Tarehe 27 Oktoba 1994 tovuti ya HotWired ya Marekani ilianza kuuza matangazo ya picha juu ya kurasa zake. Haikuchukua muda, watu wakaandika programu za kuyafuta. Mojawapo iliitwa Internet Junkbuster, na Privoxy ikairithi kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Privoxy ni proksi, yaani mjumbe. Kivinjari chako hakiendi sokoni chenyewe. Kinamtuma huyo, naye analeta ukurasa na kuyaacha matangazo hukohuko.

Fayawoli nayo ni askari wa getini. Umuhimu wake ulionekana wazi baada ya kirusi cha Morris kuangusha maelfu ya kompyuta Novemba 1988. Lakini kompyuta nyingi za kawaida zilipata askari anayefanya kazi bila kuombwa kuanzia Agosti 2004, Microsoft ilipotoa Service Pack 2 ya Windows XP.

Sasa, kwa nini saiba ya kijijini ilihitaji mjumbe? Kwa sababu ya gharama. Kebo ya SEACOM ilizinduliwa tarehe 23 Julai 2009. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti kufika nje, na kila kilobaiti ilikuwa na bei yake. Mjomba alikuwa na kompyuta sita zinazogawana modemu moja. Mteja analipa shilingi moja kwa dakika, halafu dakika tatu zinaishia kwenye tangazo la gari ambalo hata haliuzwi Nyeri!

Januari 2009 mjomba akaweka Privoxy kwenye kompyuta yenye modemu. Kwa kawaida Privoxy husikiliza kompyuta yake yenyewe tu, mlango namba 8118. Akabadilisha mpangilio ili zile tano nyingine nazo zilipitie hapo. Windows ikatoa kidirisha: programu hii inataka kupokea wageni, niendelee kuizuia? Mimi, mtoto wa darasa la tano, ndiye niliyekuwa nimekalia kiti. Nikabonyeza ndiyo, endelea kuizuia. Sikumwambia mtu.

Kompyuta tano zikakosa intaneti. Mjumbe yuko kazini, lakini askari amefunga mlango wake. Fundi mmoja akaitwa, akajaribu hiki na kile, mwishowe akasema, "Mzee, hii fayawoli ndiyo inatusumbua. Zima kwa zote." Zikazimwa zote sita. Kurasa zikafunguka haraka ajabu, na wateja wakafurahi.

Tatizo ni kwamba Oktoba 2008 Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba tundu kubwa la Windows, na Novemba kirusi cha Conficker kikaanza kulitumia tundu hilo. Sisi masasisho tulikuwa tumeyazima kwa sababu yalikula data. Conficker ilisafiri pia kwa flashi diski. Mteja mmoja akaja nayo, na kutoka kompyuta hiyo ikaingia nyingine kupitia mlango namba 445, mlango ambao askari angeufunga.

Tulijua vipi? Barua pepe zilifunguka vizuri, lakini tovuti za kampuni za kuua virusi zilikataa. Conficker ilikuwa inazizuia makusudi. Mjomba akafuta kompyuta zote na kuanza upya. Mwalimu mmoja alikuwa ameacha humo mitihani ya muhula mzima, na nakala ilikuwa hiyo moja tu. Shule yake haikurudi tena. Flashi diski zilizotoka kwetu zimeambukizwa zilifika wapi, sijui mpaka leo.

Ugomvi ule ungesuluhishwa hivi, na ni dakika mbili tu:

1. Kwenye kompyuta yenye proksi, fungua mlango 8118 peke yake.
2. Uruhusu kompyuta za ndani ya saiba tu, si intaneti nzima.
3. Zile tano usiziguse. Zinatoka nje kumtafuta mjumbe, hazipokei mgeni yeyote.

Siku hizi kurasa nyingi husafiri zikiwa zimefungwa kwa HTTPS, hivyo proksi kama ile haioni kilichomo ndani. Mimi nyumbani natumia Pi-hole, ambayo hukataa kutaja anwani za matangazo. Mlango wake ni namba 53. Nilipoiweka, fayawoli iliufunga, na ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa uleule: izime.

Nilifungua mlango mmoja. Kisha nikamwendea mjomba jioni, nikamwambia ni nani aliyebonyeza kile kidirisha mwaka 2009. Akaniangalia, akasema, "Kumbe! Na mimi nimemlaumu yule fundi miaka yote hii."

Haya, kazi njema, na msizime fayawoli.