Kutoka Kibuyu cha Samli hadi Nice & Lovely: Familia na Biashara ya Mafuta ya Ngozi

Duka la vipodozi la soko la kijijini kama Kiogoro, pale Nyaribari Chache katika kaunti ya Kisii, nchi ya Wagusii, ni chumba kidogo chenye rafu chache za mbao na muuzaji anayejua kila jirani anajipaka nini. Rafu ya chini ni ya Arimis, mkebe wenye picha ya ng'ombe. Juu yake kuna Vaseline, Valon na Nice & Lovely, kisha nywele za kusuka za Darling zimening'inia ukutani. Ukifuatilia majina hayo moja baada ya jingine, utakuta nyuma ya mengi yao kuna familia: familia iliyoanzisha, au familia iliyonunua. Historia ya vipodozi nchini Kenya haieleweki bila kuuliza ni familia gani zilidumu na zipi ziliuza.

Kabla ya maduka, mafuta ya Mgusii yalitoka zizini na shambani. Maziwa yaliachwa yagande kibuyuni, yakasukwasukwa, na siagi yake ikachemshwa kuwa samli. Mbegu za mbarika zilikaangwa, zikatwangwa, zikachemshwa kwa maji hadi mafuta yakaelea juu na kuenguliwa polepole. Jiwe laini la Tabaka, hukohuko Gusii, lilisagwa kuwa unga wa kujipaka wakati wa sherehe.  Kazi yote ilikuwa ya nyumbani, na binti alijifunza kwa kumtazama mamake.

Waingereza walijenga kituo chao Kisii mnamo 1907, na baada ya mapigano yao na Wagusii ya 1908 utawala wao ukajikita. Dukawala wa Kihindi wakafuata, wakileta chumvi, vitambaa, sabuni na mafuta ya mgando. Mafuta hayo ya mgando yalikuwa uvumbuzi wa Mmarekani Robert Chesebrough, aliyeyapatia hataza mwaka 1872. Baadaye kampuni ya East Africa Industries, iliyokuja kuwa mikononi mwa Unilever, ikaijaza nchi kwa bidhaa kama Lux na Lady Gay. Kwa miaka mingi Mkenya alikuwa mnunuzi tu. Hata hivyo mnunuzi huyo alikuwa na akili zake. Arimis ilitengenezwa kulainisha chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua, lakini wafugaji waliona mikono yao wenyewe inalainika, wakaanza kuwapaka watoto mashavuni. Katika nyanda za juu zenye baridi ya asubuhi kama Gusii, dawa ya zizini ikawa mafuta ya nyumba nzima. Hakuna tangazo lililowafundisha watu hilo.

Mwaka 1995 Paul Kinuthia alianza kutengeneza shampuu jijini Nairobi akiwa na akiba ya shilingi 3,000. Inafaa kueleza kwa nini shampuu. Losheni inahitaji moto: mafuta yapashwe upande mmoja, maji upande wa pili, kisha vichanganywe kwa mashine kwa kasi, la sivyo vitatengana kabla chupa haijafika sokoni. Shampuu ya kawaida haina masharti hayo. Unahitaji pipa la plastiki, maji safi, dawa ya povu, chumvi ya kuifanya iwe nzito, rangi, manukato, kihifadhi, na mti wa kukorogea. Ukizidisha chumvi inarudi kuwa maji, kwa hiyo mkono lazima ujifunze kusimama mahali pake. Kinuthia alikoroga kwa mkono, akapakia chupa kwenye mkokoteni, akapita saluni moja baada ya nyingine. Saluni ilikuwa mlango mzuri kuliko duka, kwa sababu msusi akiipenda shampuu, wateja wake wanaijua siku hiyohiyo.

Kampuni yake, Interconsumer Products, ilikua hadi ikawa na kiwanda na jina ambalo kila mtu analijua, Nice & Lovely. Ilishindana na mashirika ya kigeni kwa bei ambayo mama wa kijijini angeimudu, na bidhaa zake zikavuka mpaka kwenda nchi jirani. Ilipofika 2012, mauzo ya vipodozi vyake yalikuwa takriban yuro milioni 15. Mwaka 2013 biashara hiyo ya vipodozi ikanunuliwa na L'Oréal ya Ufaransa.

Sasa tuitazame L'Oréal yenyewe. Mwaka 1907 mkemia kijana aitwaye Eugène Schueller alibuni rangi ya nywele jijini Paris. Usiku alichanganya dawa nyumbani kwake, mchana akawauzia wasusi. Mwaka 1909 akasajili kampuni. Huo ndio mwanzo wa Kinuthia hasa, tofauti ni miaka na jiji. Lakini Schueller alimrithisha binti yake, Liliane Bettencourt, naye alipofariki mwaka 2017 hisa zikabaki kwa binti yake, Françoise Bettencourt Meyers. Familia hiyo bado inashikilia karibu theluthi moja ya kampuni, zaidi ya miaka 110 baada ya mzee wao kukoroga dawa jikoni. Nice & Lovely ilikaa mikononi mwa mwanzilishi wake chini ya miaka 20.

Haikuwa peke yake. Darling na Valon zilichukuliwa na Godrej ya India, Valon mwaka 2016 kupitia ununuzi wa asilimia 75 ya Canon Chemicals, na Godrej nayo ni nyumba ya biashara ya familia tangu 1897. Mwaka huohuo wa 2016, SuzieBeauty, chapa ya rangi za uso iliyojengwa na Suzie Wokabi na mumewe, ilinunuliwa na kundi la Flame Tree, ambalo angalau makao yake ni Nairobi.

Simlaumu aliyeuza. Mtu aliyeanza na shilingi 3,000 ana haki ya kuvuna jasho lake. Na mazingira yalikuwa magumu: sehemu kubwa ya malighafi hulipiwa kwa dola, huku supamaketi kubwa zikichukua bidhaa na kuchelewa kulipa. Supamaketi ya Uchumi ilipoyumba na ile ya Nakumatt ilipofungwa, waliobaki na madeni yasiyolipwa walikuwa wazalishaji. Kampuni ya kigeni huvumilia hasara ya namna hiyo. Kampuni ya mume na mke huenda ikafa nayo. Naamini tatizo letu halijawahi kuwa ubunifu. Tulikosa mtaji wenye subira, na hatukuwaandaa watoto kurithi kiwanda kama tunavyowaandaa kurithi shamba.

Hilo linaigusa Gusii moja kwa moja. Vilima vya Kisii na Nyamira vina maparachichi mengi, na wanunuzi huyachukua na kuyasafirisha yakiwa mabichi. Huko Murang'a, kampuni ya Olivado yenye asili ya New Zealand hukamua mafuta ya parachichi na kuyauza nje, na mafuta ya aina hiyo hutumika katika vyakula na vipodozi. Tabaka jiwe linachongwa vinyago. Malighafi ya losheni iko hapa, na ujuzi wa kupika mafuta ulikuwa hapa kabla ya dukawala wa kwanza.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Serikali za kaunti za Kisii na Nyamira ziwasaidie wanaotengeneza sabuni na mafuta majumbani wapate alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS, na kusajili chapa zao, kwa sababu bila vitu hivyo viwili hakuna cha kurithisha. Na wewe msomaji wa Gusii, kama nyanya yako bado anakumbuka jinsi ya kukamua mafuta ya mbarika, keti naye uandike vipimo vyake.