Msitu wa Mto Tana: Mto Ndio Uliopanda, na Mabwawa Yamebadilisha Nini

Wiki hii tuweke kando habari za mbegu na bei ya maembe, tuangalie msitu ulio nyuma ya shamba lako. Ukitoka mtoni ukatembea kilomita chache tu unakuta nchi kavu, vichaka na miiba. Lakini kando ya maji kuna mikuyu mikubwa, mikindu, mikoma, migunga na miti mingine mingi, kila mmoja na mahali pake. Mvua yetu haba haiwezi kulea msitu kama huo. Unaishi kwa maji ya mto yanayopenya chini ya ardhi, na pale yanapokoma, nao unakoma.

Wataalamu wanauona kama mabaki ya zamani sana, wakati hali ya hewa ilipokuwa na unyevu zaidi na misitu ya bara ikakaribiana na ya pwani. Ndiyo maana mbega mwekundu wa Tana, ambaye hifadhi ya kumlinda ilitangazwa mwaka 1976, ana jamaa zake hadi misitu ya Kongo.

Lakini kwa nini miti ni ya aina nyingi hivyo katika ukanda mwembamba kiasi hiki? Jibu unalo shambani. Tana haitulii. Kwenye kona, inakula ukingo mmoja na kuweka mchanga kwenye ukingo wa pili. Fungu jipya la mchanga linatoa miti ya kwanza, mmoja wao ukiwa Populus ilicifolia, ule wa mbao laini unaochongwa mitumbwi. Mbegu zake nyepesi hupeperushwa na upepo na hazikai muda mrefu zikiwa hai. Zikiangukia mchanga ulio wazi na wenye unyevu, zinaota. Zikiangukia majani makavu chini ya miti mikubwa, zimepotea. Miaka inapopita, mafuriko yanaleta tope, fungu linainuka, mikuyu na miti ya kivuli inaingia. Kwenye mabonde ya udongo mfinyanzi, maji yanakotuama wiki nyingi, miti mingi haivumilii kabisa. Mtafiti Francine Hughes, aliyechapisha kazi yake kuhusu msitu huu mwaka 1990, alionyesha kwamba aina za miti zinafuata jinsi mafuriko yanavyofika mahali. Tofauti ndogo tu ya kimo cha ardhi inatosha kubadilisha msitu. Wazee wa Kipokomo walioamua wapi pa mpunga na wapi pa migomba walilijua hilo bila kipimo chochote.

Kwa hiyo aina nyingi za miti zinatokana na mto kuhamahama: hapa msitu mchanga, pale wa makamo, kule mzee, na katikati yake maziwa yaliyoachwa na mkondo wa zamani. Kuhama huko kuna gharama. Skimu ya umwagiliaji ya Hola, iliyoanza miaka ya 1950, ilikwama mwaka 1989 mto ulipobadili mkondo na kuziacha pampu bila maji. Waliopoteza mazao yao hawakuwa na sababu ya kuusifu mto. Mimi pia nisingewaambia waufurahie.

Sasa tuje kwenye mabwawa. Kindaruma lilikamilika 1968, yakafuata Kamburu na Gitaru, halafu Masinga mwaka 1981, ambalo ndilo ghala kubwa la maji, na Kiambere mwaka 1988. Umeme tumepata. Ila mabwawa yanabakiza tope nyuma yake na kupunguza vilele vya mafuriko ya kawaida, hasa ya Mei. Najua utaniuliza: mbona El Niño ya 1997 ilitufurika, na 2018, na 2024? Mafuriko makubwa mno hayazuiliki, yanapita. Yaliyopungua ni yale ya wastani, yanayorudi karibu kila mwaka, na hayo ndiyo yanayotengeneza mafungu mapya na kulowesha ardhi taratibu ili mche ufuate maji kwa mizizi. Mpunga wako wa mafuriko unategemea maji hayohayo.

Juu ya hayo, skimu ya Bura ilileta maelfu ya watu waliohitaji kuni, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mathenge ukapandwa huku kama dawa ya uhaba huo. Mifugo wanakula maganda yake, mbegu zinatoka na samadi, na mafuriko yanazisambaza. Leo mathenge unawahi kwenye ardhi wazi kabla ya miche ya msituni.

Hivyo ukiona fungu jipya la mchanga mbele ya shamba lako, usilisafishe lote kwa mahindi ya msimu mmoja. Acha kipande upande wa maji, ng'oa mathenge ungali mdogo na mizizi yake, na zungumza na wenye mifugo mkubaliane njia ya kwenda kunywa ili wasikanyage miche. Unaponunua mtumbwi au mzinga, uliza mti ulikatwa wapi na kama kuna mwingine mdogo karibu na kisiki. Mara nyingi utaambiwa hakuna. Mikindu ya mikeka kata majani ya nje, kilele ukiache.