Kibarua, Kipande na Faili

Kenya, mtu akipata kazi tunasema ameandikwa. Akiipoteza, amefutwa. Na yule anayefanya kazi ya siku kwa siku, mjengo leo, shamba kesho, tunamwita kibarua, yaani barua ndogo. Kamusi za zamani zinaeleza kwamba huko pwani mfanyakazi wa kutwa alikuwa akipewa cheti cha siku zake za kazi. Kile cheti ndicho kilichoitwa kibarua. Baadaye jina la karatasi likamhamia mtu mwenyewe.

Kwa hivyo kwetu sisi kazi imekuwa suala la maandishi tangu zamani. Swali ni nani aliyekuwa ameshika kalamu.

Ukisafiri kwa barabara ya Mombasa kutoka Kambu kuelekea Nairobi, unafika Kibwezi, kwenye shamba la mkonge la Dwa. Mkonge ni zao la kuhesabiwa. Majani hukatwa, hufungwa mafungu, mafungu huhesabiwa. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika chini ya Waingereza, mkataba wenyewe ulikuwa kadi: siku 30 za kazi, zikamilishwe ndani ya siku 42. Kadi hiyo iliitwa kipande. Ukikosa kumaliza kazi uliyopimiwa, siku hiyo haikuwekwa alama, hata kama ulishinda juani tangu alfajiri. Mshahara ulikuja kadi ikijaa.

Kenya, neno lilelile lilibeba mzigo mkubwa zaidi. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, na baada ya vita ikaanza kutekelezwa. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa na kipande: jina, alama za vidole, mwajiri, siku ya kuanza kazi, mshahara, siku ya kuacha. Karatasi ilitiwa ndani ya kikopo cha chuma, wengi wakakivaa shingoni kwa kamba. Bosi asipotia sahihi kwamba amekuachilia, huwezi kuandikwa kwingine kihalali. Ukitoroka, polisi wana pa kuanzia. Ukikutwa bila kipande, faini au jela.

Angalia mpangilio wenyewe. Rekodi ya kazi yako iko shingoni mwako, unalala nayo, unatembea nayo, lakini huruhusiwi kuandika hata herufi moja. Si ajabu kipande kilikuwa kati ya mambo aliyoyapinga Harry Thuku na East African Association mwaka 1921. Alipokamatwa Machi 1922, watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, na tarehe 16 wakapigwa risasi. Hesabu ya serikali yenyewe ilikubali vifo 21. Kipande kiliendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, na mpaka leo wapo wazee wanaokiita kitambulisho cha kawaida kipande.

Sasa fungua kompyuta, lile dirisha jeusi la kuandika amri. John Wiegley, mtengenezaji programu wa Marekani, alitunga mtindo wa kurekodi saa za kazi ambao ni mistari miwili tu kwenye faili la maandishi ya kawaida:

i 2024-03-04 08:00:00 tafsiri
o 2024-03-04 10:30:00

Herufi i ni kuingia, o ni kutoka. Umeanza saa mbili asubuhi, umeacha saa nne unusu. Programu ya bure kama hledger husoma faili hilo na kukujumlishia: tafsiri, saa 2.50. Haihitaji intaneti wala akaunti. Faili hufunguka kwenye mashine yoyote, hata ya cyber, na litasomeka miaka 20 ijayo.

Ukilitazama vizuri, ni kipande kilekile: siku ya kuanza, siku ya kuacha, kazi gani. Kilichobadilika ni mkono unaoandika.

Na hilo si jambo dogo, kwa sababu kipande cha zamani hakijaenda mbali. Kijana anayefanya kazi za online kwa malipo ya saa kupitia Upwork hufuatwa na programu inayopiga picha ya skrini yake takriban mara sita kwa saa. Rekodi hiyo inaweza kumsaidia alipwe, ndiyo, lakini si yeye anayeamua inaonyesha nini.

Faili lako mwenyewe halimlazimishi mtu kukulipa. Bosi anaweza kusema umejiandikia tu. Lakini Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri naye aweke rekodi, na asipotoa masharti ya kazi yaliyoandikwa, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye. Mtu mwenye tarehe na saa zilizoandikwa siku ileile ana la kuweka mezani. Asiye nazo anabaki kusema, "Nakumbuka nilifanya siku nyingi."

Mkata mkonge alijua vizuri ni siku gani alifanya kazi. Alichokosa ni kadi yake mwenyewe ya kulinganisha na ile ya mnyapara. Ukiandikwa kazi wiki hii, fungua faili lako siku hiyohiyo.