Mama wa Nyumba, Mama wa Uzima: Somo kutoka Kambi za Wachimbaji wa Katanga



Katika karatasi zetu nyingi, mahali panapoulizwa kazi ya mtu, akina mama wengi huandikiwa neno moja la Kifaransa: ménagère. Wengi wetu tunadhani neno hilo limetoka kwa babu zetu, au kwamba limetoka katika Injili yenyewe. Historia ya Katanga yatufundisha vingine.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Katika miaka ya mwanzo iliajiri wanaume kwa mikataba mifupi. Walitoka mbali, waliugua, wengine walikufa, na waliobaki walirudi kwao mara tu walipoujua ufundi. Hasara ilikuwa kubwa. Kwa hiyo, kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ilibadili mwendo: ikatoa mikataba mirefu, ikajenga kambi, ikawakaribisha wachimbaji kuja na wake zao. Posho ilitolewa kwa ajili ya mke na watoto pia. Mke alitakiwa ili mume atulie kazini, na mtoto alitakiwa ili kesho awe mfanyakazi.

Katika kambi hizo, na katika miji mingine ya Kongo na Burundi, kulifunguliwa nyumba za mafundisho zilizoitwa foyer social. Masista na mabibi wa Kizungu waliwafundisha akina mama kushona, kufuma, kupiga pasi, kupika na kumwogesha mtoto mchanga. Tusidharau mambo hayo. Usafi na chakula bora vimeokoa watoto wengi, na mikono iliyojifunza sindano imelisha jamaa nyingi hata leo. Lakini tuseme ukweli wote. Mwanamke wa kijijini alikuwa mkulima, mwenye ghala na mwenye sauti juu ya mavuno yake. Kambini akawa mtu wa kungoja mshahara na posho ya mume. Mvulana alifundishwa Kifaransa na ufundi, huku dada yake, mara nyingi, akiishia kwenye kitambaa na uzi.

Mwaka 1953, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, alifika kufanya utume katika kambi za wachimbaji huko Kolwezi. Alikuwa nchini tangu 1933, na kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu, kilichotoka mwaka 1945, kilikuwa kimekwisha kumpa sifa na wapinzani. Kule kambini alikaa na wachimbaji na wake zao, akawauliza wanatamani nini katika maisha. Katika mazungumzo hayo, yaliyofanyika kwa Kiswahili, ikazaliwa Jamaa.

Mafundisho yake yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Mtu wa ndoa hakuingia peke yake. Mume na mke walitembea njia moja pamoja, wakiitana baba na mama. Hapo umama haukupimwa kwa weupe wa nguo zilizopigwa pasi. Mama ni yule anayepokea uzima na kuutoa, akianza na mumewe. Na mume naye adaiwa vivyo hivyo kwa mkewe. Tena, waliopokelewa katika Jamaa walihesabiwa kuwa watoto wa baba na mama waliowaongoza. Hivyo uzazi ulikuwa pia wa roho, na mama asiyejaliwa mtoto wa tumbo aliweza kuzaa. Fikirini uzito wa neno hilo katika nchi ambamo mwanamke tasa husimangwa na mawifi, na pengine kufukuzwa.

Jamaa haikukosa magumu. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962 asirudi tena. Vikundi vingine vilipotoka, hasa vile vilivyoitwa Katete, na maaskofu wakalazimika kuonya na kukemea. Basi tupokee yaliyo mema kwa busara, chini ya uongozi wa wachungaji wetu.

Lakini mbegu ile yapatana na fundisho la Kanisa zima. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, uliita familia Kanisa la nyumbani. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Familiaris Consortio wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ya mama nyumbani istahili heshima ya kila mtu, kwamba mwanamke ana haki ya kushika kazi za jamii sawa na mwanamume, na kwamba baba hawezi kumwachia mama peke yake malezi ya watoto. Hata mwanamke mwema wa kitabu cha Mithali, sura ya 31, hununua shamba na kupanda mizabibu. Hakufungiwa jikoni.

Kwa hiyo, wasichana wetu, kutunza nyumba si aibu, wala si gereza. Anayependa kulea watoto wake nyumbani asionewe haya, na anayesomea uganga au uhandisi asiambiwe kwamba ameukimbia umama. Nanyi wavulana, nyumba haikuwekwa mgongoni mwa dada zenu na Mungu. Mara nyingi imewekwa na uvivu wetu. Dada anayechota maji alfajiri, akapika, akafua, kisha akafeli mtihani kwa usingizi huku kaka yake amelala, huyo ametendewa dhuluma, na dhuluma haigeuki kuwa fadhila kwa kuitwa desturi.

Kwa tafakari katika vikundi: Nyumbani kwetu, nani hutoa uzima, na nani hupokea tu? Mama asiye na mtoto ana kiti gani katika jumuiya yetu?