Utambuzi wa magitaa ya umeme ya zamani ya Japani

Utambuzi wa magitaa ya umeme ya zamani ya Japani ni kazi ya kujua kiwanda na mwaka wa gitaa. Jina lililoandikwa kichwani mara nyingi ni la muuzaji tu: Aria nyingi zilitengenezwa na Matsumoku, Ibanez nyingi na FujiGen, vyote viwanda vya Matsumoto.

Kwa Ibanez za mwishoni mwa miaka ya 1970 kazi ni nyepesi. Namba huanza na herufi ya mwezi, kisha tarakimu mbili za mwaka. H78 ni Agosti 1978. Magitaa ya miaka ya 1960 ni magumu zaidi. Teisco ilinunuliwa na Kawai mwaka 1967, lakini jina liliendelea kutumika, hivyo mnunuzi hulinganisha pikapu, umbo, na bamba la skrubu za shingo.